Neno Nililokutuma Useme

Suna, Migori
Jumapili, alasiri

Awuor, nyara, binti yangu,

Habari za sabuni na chandarua mama yako amekwisha kukuambia, na najua kesho atazirudia ukiwa umeshatia mguu mmoja ndani ya gari. Mimi sitaongeza. Nimefunga duka mapema, cherehani nimeifunika, nimekaa kwenye benchi la wateja nakuandikia. Barua hii nitakupa mkononi jioni, na nakuomba uisome leo hii. Usiiache iwe ya njiani. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Utajiuliza kwa nini mtu anayelala chumba cha pili akuandikie barua. Ni kwa sababu mdomo nimeujaribu ukanishinda. Juzi ulipokuwa unapiga pasi nilisimama mlangoni, ukaniuliza, "Baba, unatafuta nini?" Nikasema natafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Uliutazama, ukarudi kwenye pasi yako bila neno. Ndivyo tulivyoishi wewe na mimi tangu Nairobi.

Nataka kuzungumza juu ya Nairobi.

Mwaka ule wilaya ilikuwa imegawanywa, Migori huku na Homa Bay kule, lakini timu ya jimnastiki ya wasichana ilibaki moja kwa kuwa mwalimu alikuwa mmoja. Mwalimu Jerusha aliwachagua ninyi watano kutoka shule za pande zote mbili, akawakalisha Homa Bay likizo nzima kwenye ukumbi wa shule yenye mabati yaliyotoboka. Magodoro ya mchezo hayakuwepo. Alijaza maranda kwenye magunia, akayashona midomo, akayapanga sakafuni. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo kuliko wote.

Mafundi wenzangu walikataa kushona nguo za kubana za namna ile. Mimi nilikubali, nikaenda Homa Bay na utepe wangu kuwapima. Siku hiyo ndiyo niliyomwona Atieno wa kisiwa cha Takawiri mara ya kwanza. Alisimama miguu imeachana, akakunja magoti kidogo. Ukapanda mapajani mwake, ukashika mabega yake, halafu miguu yako ikaondoka ikaenda juu, ukawa umesimama kwa mikono juu ya mabega ya mtoto mwenzako, kichwa chini. Nilipiga kelele, "Ataanguka!" Atieno hakugeuza hata shingo. Alisema, "Baba Awuor, usiogope. Mimi siangushi mtu."

Usiku mlikuwa mnalala kitanda kimoja, Mwalimu aliniambia, ingawa vitanda vilikuwa vya kutosha. Atieno alikuwa anakufundisha kuogelea, nawe ulikuwa unamfundisha maneno ya Kikuria ya mama yako, hasa yale ambayo mama yako hataki yasemwe nje.

Mlishinda mkoa. Mkapelekwa Nairobi kwenye mashindano ya taifa, nami nikachukuliwa kama mzazi wa kusindikiza, mwenye sindano na uzi. Kabla ya kukubali nilimuuliza Mwalimu siku za mashindano, akasema Alhamisi na Ijumaa. Nikauliza tena, akacheka. "Mzee, najua ninyi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likizama tutakuwa tumemaliza."

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda ulikuwa mdogo usilikumbuke. Miaka miwili kabla ya hapo nilifungua duka siku ya Sabato. Nilikuwa na sare za shule nzima za kumaliza, mlango nimeurudisha, lakini cherehani ina sauti. Walinikuta. Nikatengwa mwaka mzima, nikakaa benchi la nyuma. Hawakunitesa, nisiwasingizie. Walinisalimia kila mara, waliuliza habari za nyumbani. Ila hakuna aliyeniambia, "Ndugu, tuongoze kwa wimbo." Mtu mzima anaweza kufa kwa njaa ya jambo dogo kama hilo. Waliponirudisha, na baada ya muda wakanifanya mzee wa kanisa, nilikaa katika cheo kile kama mtu aliyevaa suti ya kuazima. Hainami, hali mchuzi, hashiki mtoto, asije akaichafua.

Huyo ndiye baba uliyekwenda naye Nairobi.

Alhamisi mliruka vizuri, mkaingia fainali. Ile shule ya bweni iliyoahidi kuwachukua wasichana wa timu itakayoshinda ilikuwa imemtuma mwalimu wake mkuu, na alikuja mpaka darasani mlikolala, akawashika mikono mmoja mmoja. Atieno alikuwa hana baba. Mama yake alikuwa amekwisha kusema kwamba baada ya darasa la nane hakuna tena. Nililijua hilo. Nataka ujue kwamba nililijua.

Ijumaa mchana mvua ikanyesha, stima ikapotea. Ukumbi ulikuwa giza hata mtu hakuona kasha la kurukia lilipo. Tulisubiri. Mwishowe wakatangaza kwamba fainali za timu zitafanywa Jumamosi asubuhi.

Nakumbuka mlivyoshangilia. Mlidhani mmepewa usiku mmoja zaidi wa kujiandaa. Wewe pia ulishangilia, halafu ukanitafuta kwa macho pale nilipokaa, mikono ikashuka.

Mwalimu Jerusha alinifuata kwenye veranda.

"Mzee, ni zoezi moja tu. Kabla ibada yenu haijaanza atakuwa amemaliza."

"Sabato haingoji ibada, Mwalimu. Inaanza jua likizama."

"Watano ni watano. Akipungua mmoja timu haihesabiwi. Sasa hawa wanne warudi nyumbani kwa sababu ya jua?"

Nilikuwa namwona kila mtu wa kanisani kwetu amesimama nyuma yake ananitazama, na nyuma yao lile benchi. Huku watoto wanne, kule benchi. Nilihisi kama mtu aliyeingia kwenye ghala akasikia kufuli ikifungwa nje.

Mwalimu akasema, "Basi tumuulize mtoto mwenyewe. Akikataa yeye, mimi nitanyamaza."

Hapo ndipo nilipoona pa kutokea. Nilisema, "Nipe nafasi nizungumze naye kwanza."

Nilikuchukua mpaka kwenye mifereji nje ya jiko. Ulikuwa umeshavaa ile nguo ya buluu niliyokushonea, na sweta juu yake. Nikakuambia, "Wakikuuliza, sema wewe mwenyewe hutaki."

Ukasema, "Lakini nataka."

Nikasema, "Nimekusikia. Sema hutaki."

Hukulia. Ulifungua mfereji, ukanawa uso ambao haukuwa na uchafu, ukaufunga. Ukaniuliza, "Niseme ni wewe umekataa?" Nikasema hapana. Nikasema, "Hili ni lako na Mungu." Ndiyo, nilimtaja.

Tukaingia ndani. Mwalimu akakuuliza mbele ya wote, ukasema, "Sitaki." Ni Atieno aliyesimama. Alikuuliza, "Hutaki kuruka, ama hututaki sisi?" Ukanitazama. Nami, nyara, nikatazama dirisha, nikaangalia jua limefika wapi. Ukamwambia, "Sitaki tu."

Hivyo ndivyo nilivyotoka kwenye lile ghala. Nilitoka mimi, nikakufungia wewe ndani.

Usinielewe vibaya. Sikuandikii kusema kwamba Sabato ilikuwa kosa. Bado naishika na nitazikwa nikiishika. Lakini ningeweza kukataa kwa mdomo wangu. Ningesimama mbele yao niseme, mimi baba yake ndiye ninayekataa, nilaumuni mimi. Ungenichukia mwezi mmoja au miwili. Atieno angenichukia maisha yake yote, na ingekuwa haki yake. Nawe ungebaki na rafiki. Badala yake nilichukua neno langu, nikaliweka mdomoni mwa mtoto, kisha nikasimama kando kama mgeni.

Yaliyofuata uliyaishi wewe. Tulirudi kutoka ibadani tukawakuta wenzako wamekaa juu ya mabegi, wamevaa nguo za safari. Jua lilipozama tukaondoka, na njia nzima mpaka Kisii hakuna aliyekuongelesha. Uliweka kichwa kwenye kioo ukajifanya umelala, na mimi nikajifanya naamini.

Nilidhani itaishia hapo. Kumbe habari ilitutangulia. Sabato iliyofuata mchungaji alikuita mbele, akakushika bega, akasema tunaye Danieli wetu hapa Suna, msichana mdogo aliyesimama peke yake mbele ya wakuu. Kanisa zima likasema amina. Wanaume walikuja kunishika mkono. "Mzee, umelea." Nami nikasema asante. Mchungaji hana lawama, hakuambiwa ukweli. Aliyeujua alikuwa ameketi kiti cha mbele anapokea salamu.

Na kila mwaka, watoto walipokuwa na siku yao, walikupa nafasi uisimulie. Ulisimama pale ukasema, "Niliulizwa, nikasema sitaki," ukashuka. Walidhani ni unyenyekevu. Mwaka wa tatu au wa nne ukaanza kutapika Jumamosi asubuhi. Tulikupeleka hospitali kupimwa malaria, wakasema damu ni safi. Tukakupeleka tena. Mama yako alinitazama tukiwa pale kwenye foleni akasema polepole, kwa kile Kiswahili chake cha Isebania ambacho ndicho kimekuwa lugha ya nyumba yetu, "Mtoto huyu umemfunga kamba, halafu ukampa yeye mwenyewe aishike." Nikamwambia asinisemeshe mbele za watu.

Na kuruka ukaacha kabisa. Msichana aliyekuwa anatoka mlangoni kwa mikono akawa anatembea kama aliyebeba mtungi. Hata kuinama, ulikuwa unainama kwa adabu. Majirani walisema umekomaa. Mimi nililala nikikumbuka miguu yako ilivyokuwa ikiondoka chini.

Ndiyo maana ulipotuambia unakwenda chuo cha ualimu, na kwamba ukiweza utafundisha michezo, nilikaa kimya. Ulidhani nimekasirika. Ukasema, "Kama hutaki, Baba, nitachagua kitu kingine." Yaani mpaka leo, ukiwa na miaka kumi na tisa, bado unaniuliza neno la kusema. Nikatoka nje kwa sababu sikuweza kukaa.

Baada ya hapo, asubuhi moja, nilikuja nyuma ya nyumba kutafuta jembe nikakukuta. Sketi umeifunga kiunoni juu ya kaptura, mikono chini, visigino ukutani. Ulikuwa unajaribu kuondoa miguu ukutani, inarudi, unajaribu tena. Nilirudi nyuma taratibu. Hukuniona.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Homa Bay. Nilimwambia mama yako nafuata vitambaa. Mwalimu Jerusha amezeeka, nywele zimekuwa nyeupe, lakini sauti ni ile ile. Nilimweleza yote ya kwenye mifereji. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nilishuku. Mtoto anayekataa mwenyewe hamtazami baba yake kwanza." Nilipotaka kumwomba radhi akanikatiza. "Mimi nilikuwa mtu mzima, ningeweza kukubana nikakosa ujasiri. Usiniletee mimi. Kuna mtu Takawiri. Na kama unakwenda, nenda upesi, kwa sababu amepata nafasi chuo kile kile cha Awuor."

Nyara, nilimwomba anieleze habari zake zote. Atieno alirudi kisiwani baada ya Nairobi, akakaa nje ya shule, akarudi tena darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake, akisaidiwa na Mwalimu. Na sasa mnakwenda pahali pamoja. Ningenyamaza, ungeshuka pale ukutane na mtu anayeamini ulimtupa, nawe ungesimama mbele yake na lile neno langu bado mdomoni.

Nilivuka ziwa kutoka Mbita. Nilimkuta ufukweni anageuza omena walioanikwa juu ya nyavu. Amekuwa mwanamke mrefu, mabega yale yale. Aliponitambua alinyooka, akafuta mikono.

"Baba Awuor. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kaa, mzee." Akanigeuzia karai nikalikalia.

Nilimwambia. Sikuanza mbali. Alikuwa anaendelea kugeuza omena, halafu mikono ikasimama.

"Alisema mwenyewe," akasema. "Mimi ndiye niliyemuuliza."

"Nilimtuma."

"Na baadaye? Kwa nini hakuniandikia hata mstari mmoja?"

"Nilimfunga mdomo, sikumfungua."

Alicheka, si kicheko cha furaha. "Unajua niliporudi hapa nilisema nini? Nilisema Awuor ana roho ya jiwe. Nilisema watu wa bara ndivyo walivyo, wanakukumbatia usiku, asubuhi hawakujui. Nimemtukana miaka yote hii, mzee. Matusi hayo sasa nayapeleka wapi?"

"Niletee mimi."

"Wewe ni baba wa mtu. Nitakutukana vipi?"

Nikamwambia pole. Akasema, "Pole yako nimeisikia. Sijui kama naitaka." Upepo ulikuwa unapeperusha omena, akainama kuwapanga tena. Kisha akauliza bila kunitazama, "Bado anaruka?"

Nikamweleza nilichokiona nyuma ya nyumba.

"Ukutani?"

"Ukutani."

"Peke yake," akasema. Akageuka akatazama ziwa mpaka nikadhani amesahau kama nipo.

Nilirudi nikiwa na nia ya kulimaliza. Nilijiambia Sabato hii, nikisimama kutoa matangazo, nitatangaza na hili. Jana ulikuwepo, umekaa na mama yako upande wa dirisha. Uliniona nimesimama muda mrefu na karatasi. Uliona nikikohoa. Nikasoma habari za mkutano wa akina mama na za usafi wa uwanja, nikaketi. Sabato iliyotangulia ilikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo usidhani baba yako amepona. Bado nimo ndani ya suti ile, imenikaa mpaka kwenye ngozi. Siku nitakayoweza, huenda habari itakufikia kupitia wengine kabla yangu. Na nisipoweza, wewe unaweza. Hii barua si ya kuficha. Mtu yeyote akikuuliza nani alikataa, sema baba. Ukirudi likizo wakakuita mbele tena, waambie ilivyokuwa, nami nitakuwa nimekaa pale pale nisikie.

Juu ya Jumamosi zako huko chuoni, sina la kukuambia. Naona vigumu kuandika hivyo, nimeinua kalamu mara nyingi kabla ya mstari huu. Pengine watafanya mazoezi siku hiyo, pengine hapana. Ukienda ibadani, iwe umekwenda wewe. Ukibaki, iwe umebaki wewe. Nitaomba kwa ajili yako jinsi ninavyojua kuomba, na sitakuuliza.

Nimejifunza machache, na nimeyanunua kwa vitu vyako. Sifa isiyo yako ni ngumu kuitoka kuliko aibu. Aibu watu wanakusaidia uiache, lakini sifa wanakufungia. Na woga hausemi "naogopa." Woga wangu ulikuja umevaa Maandiko, unaongea taratibu, una adabu. Utakuwa mwalimu. Siku moja mtoto atakuambia, "Lakini nataka." Unaweza kulazimika kumkatalia, mambo yapo ya kukatalia. Mkatalie wewe, kwa jina lako, akulilie wewe.

Sasa lile lililonifanya niseme usome leo.

Kesho gari lenu litasimama Rongo, pale barabara ya Homa Bay inapoingilia. Atieno atakuwa hapo na sanduku lake, amelala kwa shangazi yake. Nilimwambia rangi ya gari na saa mnayotarajia kupita, nikamwomba apande hilo. Hakusema ndiyo, hakusema la. Alisema, "Nitaona."

Sijui ataona nini. Anaweza kupanda lingine. Anaweza kupanda hilo na akaketi mbele kwa dereva asikutazame mpaka mwisho wa safari, na hutakuwa na haki ya kumlaumu, wala mimi. Lakini ukitoka Migori kaa karibu na dirisha, na kiti cha kando yako weka mfuko. Watu watakuuliza kama kina mtu. Waambie kina mtu, anapandia Rongo.

Baba yako